Pindo la Shubiri Nzima

Tuwan, Kitale
8 Februari 2004

Papa,

Naandika nikiwa nimekalia gunia la vipande vya nguo, kwa hivyo ukiona mwandiko unayumba usiniite mlevi.

Kwanza nikujibu yale ya Krismasi. Ulisema mbele ya mashangazi wote kwamba suruali zangu za robo tatu ni nguo za mtu aliyetoroka kabla fundi hajamaliza. Wakacheka hadi chai ikamwagika. Nami nilicheka, lakini iliniuma, na bado inaniuma.

Papa, mimi sikati nguo nzima. Robota la mitumba likifunguliwa sokoni, naona suruali za wanaume, pamba safi, kiuno kizima, makalio mazima, ila chini zimechakaa kwa sababu mwenyewe alikuwa akizikanyaga kwa kisigino huko alikokuwa. Wenzangu wanazitupa. Nyuma ya soko kuna shimo la kuchomea, na moshi wake unatutoa machozi kila wiki. Mimi naziokoa kabla hazijafika huko. Nakata palipoharibika, chini kidogo ya goti, napiga pindo, na mteja wangu mwalimu Cheptoo anaivaa miaka mingine. Nailoni siuzi kabisa. Hilo nalo nililitoa kwako. Unakumbuka ulipofukua kile kitambaa cha nailoni kwenye mahindi, ukasema kilizikwa nikiwa sijazaliwa na bado rangi yake ni ile ile? Tangu siku hiyo nikishika nguo nauliza kwanza kama itakubali kuoza.

Kwa hivyo mwanafunzi wako bado ni mwanafunzi wako. Wewe hukunigombeza hata siku moja pale barazani mbele ya duka la Avtar. Ulikuwa unachukua kazi yangu, unaifumua yote kwa wembe, uzi unautupa, unanirudishia kitambaa bila neno. Nililia sana juu ya vile vitambaa vyenye matundu. Baadaye ndipo nikaelewa. Kazi ya Ian, mwanafunzi mwenzangu, hukuifumua. Ulimwambia tu, "Mshono ni mzuri, nenda nyumbani," na hakurudi tena, bana, kwa sababu alijua umeshamwacha.

Tangu nihamie Kitale hujagusa hata suruali yangu moja. Nataka siku moja uishike mkononi uifumue, ama useme hii ni kazi. Basi. Sitaki kingine. Najua uliapa hutashona suruali ya mwanamke hadi uingie kaburini, wala sikuombi ushone. Nakuomba uguse tu.

Na nikusanyie suruali kuukuu huko kwa watu wa kanisani, zenye ncha mbovu. Zitie kwenye gunia uzipe gari la Kitale, nitazipokea stendi. Simu najua huitaki, ati inasahau ulichosema. Sawa, tuendelee na posta.

Binti yako,
Emmy Nakhungu


Barazani kwa Avtar, Bungoma
27 Februari 2004

Nakhungu, mwenye jina la mama yangu,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya cherehani, nikajua umetia mengi mno tena. Mashine si mandazi.

Mimi ni mzima. Sukari yangu inapanda na kushuka kama kawaida yake. Hapa barazani tulikuwa mafundi wanne, nawe wa tano. Sasa nimebaki peke yangu. Watu wanapita mbele ya majora ya Avtar bila kugeuza shingo, wanaelekea kwenye mitumba. Mkewe, Mama Rohan, anafuta vumbi kwenye vitambaa asubuhi na jioni anavifuta tena.

Umeandika vizuri kuhusu lile shimo la moto. Sikatai. Lakini nisikilize. Mtu akija kwangu na kitambaa kipya, namwachia pindo la shubiri nzima ndani ya mguu, na kiunoni namwachia vidole vitatu. Akirefuka, tunashusha. Akinenepa, tunaachia. Ndani ya pindo naficha kiraka cha kitambaa kile kile na kifungo kimoja, ili siku goti likitoboka dawa iwe karibu. Suruali niliyomshonea mwalimu Kimaiyo alipooa, alimwozesha binti yake akiwa ameivaa. Mimi nguo ya kutunza naijua hivyo. Wewe unakata. Ukishakata, utarefusha na nini?

Ukiona mistari inapandana, lawama ni ya kalamu hii. Siku hizi hata sindano wanatengeneza zenye matundu madogo, na uzi mweusi si mweusi tena. Viwanda vimeharibika.

Gunia nitakukusanyia. Wazee wa kanisa wamecheka, lakini watatoa. Kuhusu kiapo changu, kiapo ni kiapo.

Baba yako,
Kizito Mukhisa, Fundi


Tuwan, Kitale
23 Machi 2004

Papa,

Gunia limefika na gari la jana. Pasaka imenikaba koo, wateja ni wengi, mimi na jirani yangu Jelimo tunashona hadi vidole vinakataa. Nitakuandikia vizuri nikipumua. Asante sana, na uwashukuru wa kanisani.

Emmy


Barazani kwa Avtar, Bungoma
31 Machi 2004

Nakhungu,

Mwandiko huu ni wa Mama Rohan. Mkono wangu wa kulia umechoka kidogo, usihangaike.

Umeshukuru kwa gunia. Hujasema chochote kuhusu ile nyeusi. Nadhani unanitania, unataka niombe sifa. Haya, naomba. Inakukaaje?

Sikuweka karatasi ndani. Nilisema Nakhungu ataujua mkono wangu kabla hajaitoa kwenye gunia. Kiuno nimekikumbuka cha ule mwaka ulioondoka. Kama umenenepa kwa chipsi za Kitale, kuna vidole vitatu. Chini nimeacha shubiri nzima, na ndani yake utakuta vitu vyako.

Kiapo nimekivunja na paa la kanisa halijaanguka. Njoo nayo mwilini, niishike nijue nimefanya nini.

Baba yako,
Kizito Mukhisa, Fundi


Bungoma
31 Machi 2004

Emmy,

Karatasi hii naiweka ndani ya bahasha ile ile. Yeye hajui.

Mkono wake hauna shida. Ni macho. La kulia liliisha mwaka jana. La kushoto lilikuwa linaisha Krismasi, ndiyo maana alikaa kiti kimoja siku nzima na nyinyi hamkujua. Sasa anaona mwanga wa mlango tu. Daktari anasema ni sukari na hayatarudi. Amenikataza kukuambia. Barua yake ya Februari aliandika mwenyewe, kutwa nzima, na aliponiuliza kama mistari imenyooka nilisema ndiyo.

Ile suruali alianza ulipoomba gunia. Kitambaa alichagua kwa vidole. Nilimwekea majora matano, akachukua gabadini nyeusi, ile nzito ya pamba. Mimi nilitia uzi kwenye sindano. Upande mmoja alifumua mara nyingi, mimi niliona ni sawa, yeye hakukubali. Bwana Avtar alimwambia apumzike. Akasema hii ni ya mwisho, akimaliza atafunika mashine. Amemaliza. Amefunika.

Tafadhali andika haraka kama inakutosha. Nitamsomea kwa sauti.

Kaushalya, Mama Rohan


Tuwan, Kitale
13 Aprili 2004

Mama Rohan,

Shikamoo. Usimsomee Papa barua hii. Nakuomba.

Bahasha yenu ilinifika siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Nilisoma nimesimama pale posta, halafu nikakimbia hadi nyumbani, nikamwaga gunia la vipande sakafuni.

Mimi hukata kwa rundo, Mama Rohan. Nalaza suruali kadhaa mezani, miguu upande mmoja, napiga mstari wa chaki kwenye ile ya juu, nasukuma mkasi mkubwa zote zinakwenda pamoja. Viuno sivitazami, vinaning'inia upande wa pili wa meza. Jelimo anachukua anapiga mapindo, tunapiga pasi, zinaenda sokoni. Hivyo ndivyo nilivyofanya gunia la Papa, siku ile ile lilipofika.

Nimeipata miguu yake kwenye vipande. Miwili, myeusi. Pindo limeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama punje za wimbi. Shubiri nzima. Ndani kuna kiraka na kifungo, vimekunjwa vizuri. Nimekaa navyo mapajani hadi Jelimo akaja kuuliza kama kuna msiba.

Jelimo anaikumbuka. Ilikwenda na fungu zima kwa mchuuzi wa Lwakhakha, kule mpakani. Nilimfuata mpaka Lwakhakha Jumatatu ya Pasaka. Mchuuzi alinionyesha ng'ambo ya mto kwa kidole, akasema, "Hizo zirishaenda Mbale, dada. Si ni wewe mwenyewe urituuzia?"

Ni mimi mwenyewe.

Papa alishona gizani kwa wiki kadhaa, akaamini nitaujua mkono wake bila karatasi. Nami nimeukata mkono wake kama ninavyokata wa mtu yeyote. Ananiuliza inanikaaje. Sijui inanikaaje. Sikuivaa hata kidogo. Niambie nifanye nini, kwa sababu mimi akili yangu imesimama.

Emmy


Bungoma
19 Aprili 2004

Emmy,

Nimesoma barua yako nyuma ya duka, mlango umefungwa.

Usimwambie. Kila asubuhi ananiuliza kama posta imefunguliwa. Mtu huyu amepoteza macho na mashine. Hii suruali tu ndiyo amebaki nayo.

Jora lile la gabadini limeisha, lakini kimebaki kipande. Hakitoshi suruali nzima. Kinatosha kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Nakutumia ndani ya kifurushi hiki. Shona sehemu ya juu, halafu unga ile miguu yako miwili chini yake. Piga pasi sana. Yeye atashika pindo, na pindo ni lake kweli.

Bwana Avtar hajui kwamba nimetoa kitambaa. Fundi pia hajui.

Kaushalya


Tuwan, Kitale
3 Mei 2004

Papa wangu mpendwa,

Unisamehe kwa kuchelewa. Sikutaka kukuandikia kwa haraka haraka jambo kubwa kama hili.

Niliujua mkono wako mara tu nilipofungua gunia. Nilikaa chini, Jelimo akafikiri nimeugua. Inanikaa vizuri ajabu, kama kwamba ulinipima jana. Naivaa kanisani kila Jumapili, na wanawake wananizunguka nje wanauliza nimeinunua duka gani. Nawaambia, hii haina duka. Kiraka na kifungo nimeviona, nimeviacha pale pale ulipoviweka.

Nakuja Jumapili tarehe 16, nitakuwa nimeivaa. Pole na mkono, uendelee kuupumzisha.

Binti yako akupendaye,
Emmy Nakhungu


Bungoma
24 Mei 2004

Kwa Emmy,

Mama Rohan anaandika. Nimemwambia aandike kila neno jinsi ninavyolisema, hata yale yanayomhusu yeye.

Ulipokuja ulisimama mbele yangu nikainama nikashika pindo. Lilikuwa langu. Nilifurahi. Nikapanda juu kwa vidole, na karibu na goti nikakuta mshono unaozunguka mguu. Nikashika mguu wa pili, nao vile vile. Juu ya mshono huo hakuna kitu changu. Zipu si yangu. Kiunoni umeacha kidole kimoja. Kitambaa ni cha duka hili, cha jora lile lile, na Mama Rohan anayeandika maneno haya anajua alikitoa lini. Andika hivyo hivyo, Mama.

Kwa hivyo nilijua umeikata. Nikangoja uniambie. Nilikuuliza kama inakukaa vizuri, ukasema kama ulivyosema kwenye barua. Tukanywa chai. Nikakuuliza tena, kanisani wanasemaje? Ukanisimulia wanawake wanaokuzunguka nje ya mlango, ukawapa mpaka majina. Mama Rohan akacheka nawe. Mimi nilikuwa katikati yenu nimeshika kikombe.

Sasa nikwambie kwa nini niliacha shubiri nzima. Nililiacha pindo lile ili uchague urefu wewe mwenyewe. Ukitaka ndefu, ndefu. Ukitaka robo tatu, kunja au kata. Nilishakubali. Nilikaa hapa gizani nikasema, mtoto ana haki yake, anaokoa nguo, aamue. Ungeniambia umeikata bila kuitazama ningekutania mwaka mzima, na mambo yangeisha hapo.

Tangu macho yaende, na siku ile ulijionea mwenyewe, kila mtu ananiambia mambo ni sawa. Mistari imenyooka, Fundi. Rangi ni ile ile, Fundi. Nilihesabu kwamba kuna mmoja Kitale ambaye hataniambia hivyo. Mimi sikulea mtu wa kunidanganya kwa sababu sioni.

Ile miguu umeiunga vizuri. Mshono ni mzuri. Nenda nyumbani.

Kizito Mukhisa


Tuwan, Kitale
2 Juni 2004

Papa,

Ulimwambia Ian maneno hayo hayo. Nilipoyafikia nilitupa barua chini kama kaa la moto.

Niliikata siku ile ile gunia lilipofika, pamoja na nyingine, bila kuitazama. Sikuujua mkono wako. Naandika hilo ulisikie kutoka kwangu. Miguu niliipata kwenye vipande baada ya barua yako. Sehemu ya juu ilivuka Lwakhakha, iko Mbale, inavaliwa na mtu ambaye hajui chochote. Namwonea wivu mtu huyo.

Niliogopa, Papa. Nilikuona umekaa kwenye kile kiti, umenyoa ndevu kwa ajili yangu na umejikata kidevuni, nikashindwa. Kila jina la mwanamke nililolitaja nililitunga pale pale. Sikutaka uumie, na nikakuumiza mara mbili.

Usiniambie ni nzuri. Nifumue. Nigombeze, nitukane, chochote. Nakuja wiki ijayo ukikubali.

Nakhungu


Bungoma
20 Juni 2004

Emmy,

Nilifungua bahasha yako, nikasema, Fundi, ni ya Emmy. Akasema nisisome. Nikasema ni fupi. Akasema, "Mama, mimi na wewe tumefanya kazi hapa miaka mingi, usinifanye niondoke kwa hasira." Sikusoma. Ile uliyotuma baada yake pia sikusoma. Zote ziko kwenye droo ya vifungo.

Amesema usije. Nilimuuliza siku mbili tofauti, alisema vile vile.

Kuna jambo lingine. Tunafunga duka. Rohan na mkewe Ruchi wanatutaka Nairobi, na Bwana Avtar amechoka kufungua mlango ambao hakuna anayeingia. Mwisho wa Agosti tutaondoka. Fundi ataenda kwa ndugu yake Lugulu. Ana kidonda kwenye mguu, na huko hospitali iko karibu. Lakini huko hakuna mtu wa kumsomea, hata akibadilisha moyo. Ndugu yake hajui kusoma na watoto wako mbali.

Nilikushauri vibaya. Nilifikiri namsaidia.

Kaushalya


Tuwan, Kitale
11 Julai 2004

Mama Rohan,

Usijilaumu. Uongo ni wangu, wewe ulitoa kitambaa tu.

Kama hataki kusomewa, basi simwandikii tena. Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha gabadini, kimebaki kwenye kile ulichonitumia. Nimekishona pindo, shubiri nzima, kwa mkono, mchana kutwa, macho yangu yamefungwa kwa kitambaa. Ndani nimekunja kiraka na kifungo kama yeye. Nimejichoma sana, utaona madoa. Mshono umepinda, najua. Mpe mkononi. Usimwambie chochote isipokuwa akiuliza.

Mimi niko tu. Sokoni zimekuja suruali za robo tatu mpya, za nailoni, zimetoka kiwandani zikiwa fupi tayari. Zinafumuka baada ya kufuliwa mara chache na wanazitupa, wananunua nyingine. Mwalimu Cheptoo alikuja amevaa moja. Alicheka kidogo kwa aibu, akasema, "Emmy, si ni mtindo tu." Shimo la nyuma ya soko sasa linatoa moshi mweusi, wa plastiki. Jelimo ameacha kushona, anauza mboga. Meza nimebaki nayo peke yangu, na mkasi mkubwa siugusi.

Emmy


Bungoma
28 Agosti 2004

Emmy,

Nilingoja siku nzuri ya kumpa, lakini siku nzuri haikuja, kwa hivyo nilimpa leo. Duka ni tupu. Majora yote yameuzwa kwa mtu wa Webuye. Mashine yake iko barazani imefungwa kamba.

Niliweka kipande chako mkononi mwake. Alikishika. Hakuuliza kimetoka wapi. Alikipapasa pande zote, akakitia kwenye mfuko wa koti. Nilisimama nikingoja aseme neno. Alisema, "Mama, gari limefika?" Basi.

Ndugu yake amemchukua. Nilimpa Fundi zile barua zako mbili aende nazo, akazirudisha mkononi mwangu. Kwa hivyo ninazo, nitaenda nazo Nairobi. Ukitaka nitakurudishia.

Sisi tunaondoka kesho asubuhi. Anwani ya Rohan nimeandika nyuma.

Kaushalya


Tuwan, Kitale
14 Novemba 2004

Mama Rohan,

Nafikiri habari zimekufikia kupitia kwa Bwana Avtar, lakini nataka uzipate kwangu.

Kidonda kilipanda hadi kwenye paja. Walipompigia Jelimo simu nilipanda gari la kwanza, nikafika Lugulu wameshamfunika. Ndugu yake alisema hakunitaja. Nilimuuliza kama alisema chochote kuhusu kitambaa, akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Hakujua naongea nini.

Tulimzika vizuri. Baadaye wazee walikaa kugawa nguo zake, jinsi tunavyofanya. Wapwa zake ndio huanza. Yule mrefu alipewa suruali mbili, akazijaribu, watu wakacheka kwamba Fundi alikuwa mfupi. Nikaomba wembe. Nilikaa chini uani nikafumua mapindo yote manne. Shubiri nzima kila mguu. Kwenye moja kiraka na kifungo vilikuwa bado ndani. Zilimfika kisigino sawasawa, na hakuna aliyecheka tena. Atazivaa mpaka naye awe mzee. Papa alisema kweli kuhusu mapindo, na mimi nilibishana naye kwa barua ya kurasa mbili.

Koti hakuna aliyelitaka, kiwiko kimetoboka. Shangazi akanitupia. Nilitia mkono mfukoni nikakuta kile kipande changu.

Kimefumuliwa chote, Mama Rohan. Mshono wote. Ametoa kila uzi, hata ule niliouzidisha pembeni, bila kuchana kitambaa, na macho hana. Sijui alitumia wembe wa nani. Sijui kilimchukua siku ngapi pale kwa ndugu yake. Kiraka na kifungo amevikunja ndani, akakikunja kitambaa chenyewe, akakiweka tayari kwa kurudishwa. Hakuwa na mtu wa kumtuma. Wewe ulikuwa Nairobi, ndugu yake hajui kuandika, na mimi nilikuwa Kitale nakaa mbali kwa sababu alisema nisije.

Nililia pale uani hadi wakanishika. Walifikiri nalilia koti.

Zile barua mbili zichome, tafadhali. Mashine wamenipa, iko hapa, lakini hakuna anayeleta nguo. Wananunua za nailoni. Nimekaa nacho mezani kile kitambaa wiki yote hii, kina matundu ya sindano tu. Leo nimefunga macho nikalishona lile pindo upya. Hakuna wa kulifumua.

Emmy Nakhungu